Mbegu Iliyoibwa na Mtani

Sosthenes Kalinga alikuwa na mdomo, na hilo pale Lwangi halikuwa na ubishi. Kijiji chenyewe kiko nyuma ya misonobari. Ukitoka Mafinga na bodaboda unapishana na malori ya mbao mpaka vumbi linakujaa kooni, halafu barabara inashuka bondeni, na hapo ndipo unapoanza kumsikia. Mkutano ambao hakuongea yeye watu walirudi nyumbani wakiona kama haukufanyika. Kwa hiyo siku bibi shamba mpya, Devota Ngonyani, alipoitisha watu mbele ya ofisi ya kijiji aeleze mabadiliko ya tabianchi, watu walijaa kweli, ila hawakuja kumsikiliza Devota. Walikuja kusikia Mzee Kalinga atamjibu nini.

Maskini Devota! Alikuwa ametoka Songea juzi tu, hata majirani hajawazoea, na alikuja na kofia ya semina kichwani na maneno ya semina mdomoni. Akasema hewa ukaa. Akasema nyuzi joto. Akasema wastani wa dunia. Wanawake wa nyuma wakaanza kusukana.

Mzee Kalinga akanyoosha mkono, akasimama taratibu, akajikung'uta suruali.

"Kamwene, bibi shamba."

"Kamwene, mzee."

"Umesema dunia inapata joto."

"Ndiyo, mzee."

"Mwezi wa saba mwaka huu viazi vyangu vimeungua kwa barafu. Nimetoka asubuhi, nakuta shamba jeupe kama limemwagiwa unga. Hilo joto lako siku hiyo lilikuwa limesafiri?"

Weee! Watu walicheka mpaka mwenyekiti, Shedrack, akavua miwani kujifuta machozi. Na mzee akishasikia kicheko, humkalishi tena. Akauliza ukame: mwaka wa sabini na nne, yeye akiwa mdogo, si walikula ulezi mtupu? Hayo mabadiliko nayo yalikuwa ya mwaka huo? Akauliza watabiri wa redioni: wanasema kesho mvua, kesho linawaka jua, sasa watu wasioijua kesho wataijuaje miaka hamsini ijayo? Akauliza viwanda: vya nani? Sisi hapa tuna misonobari mpaka macho yanachoka, moshi ni wa wenye viwanda huko kwao, leo waje watufundishe kupanda mahindi? Mwishowe akainua kidole juu.

"Na mvua ni ya Mungu. Kama una barua yake tusomee."

Devota alijibu, lakini alijibu kwa lugha ileile ya semina, na kila alivyojibu watu walizidi kucheka. Alipoona amezama, akavua kofia, akamgeukia mzee.

"Mzee, wewe ni Mhehe?"

"Mhehe wa kuzaliwa, wa kulelewa, na wa kuzikwa."

"Basi mimi ni Mngoni. Mngeniambia mapema nisingehangaika na makaratasi. Mbwa wako yuko wapi, mzee? Au mmeshamtia chumvi?"

Hapo mkutano ukavunjika kwa kelele, maana asiyejua ajue: Mhehe na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu waliopigana wakachokana. Mtani anaweza kukuita mla mbwa, akakusema vibaya msibani kwako, akachukua kuku wako mchana kweupe, na wewe huna pa kushitaki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mzee Kalinga alicheka pia, akamwambia Devota kwamba Wangoni walikimbia mpaka Songea ndiyo wakapumzika, na kwamba yeye leo amerudi kufuata viatu vya babu yake. Wakaachana hivyo, mzee akiwa ameshinda.

Ila ukimfuata nyumbani kwake ndipo ungejua kwamba yale maneno yote hayakuwa maskhara tu. Jikoni kwake, juu ya moto, palining'inia mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Yalikuwa mahindi ya mama yake, meupe, ya punje pana, ambayo ugali wake hauhitaji mboga nyingi. Zamani ukoo mzima ulikuwa nayo. Kisha mmoja akahamia mbegu za dukani, mwingine akafuata, na dada yake Rozalia, aliyekuwa akiishi naye tangu awe mjane, ya kwake yalikufa shambani miaka miwili mfululizo. Mwaka jana nusu ya mbegu ya Sosthenes nayo ikaangamia. Hayo yaliyobaki juu ya moto ndiyo yalikuwa ya mwisho. Yakifa hayo, hakuna nyumba nyingine ya kwenda kuomba.

Na mama yake alimwachia utaratibu pamoja na mbegu: mvua ya kwanza baada ya Siku ya Marehemu Wote ndiyo mvua ya kupandia. Mwezi wa kumi na moja unaingia, mnakwenda kanisani kuwaombea waliotangulia, mvua ya kwanza ikidondoka, jembe. Hivyo ndivyo Sosthenes alivyofanya maisha yake yote. Sasa aje mtu wa semina aseme mvua hiyo siku hizi ni ya uongo, kwamba inadondoka, inadanganya mbegu, halafu inaondoka? Huyo anasema nini kuhusu mama yake? Alimpenda sana mama yake, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma kila alipomsikia Devota.

Devota hakukata tamaa. Alimfuata nyumbani, akakaa kwenye kigoda jikoni, akapewa viazi vya kuchemsha na chai.

"Mtani," alisema, "sijaja kukuambia uache mbegu hii. Hii ni mali. Nakuomba kitu kimoja. Panda nusu na mvua ya kwanza, nusu nyingine subiri udongo ulowe kweli."

"Mbegu ya mama yangu haigawanywi."

"Mvua ya kwanza imekuangusha mwaka jana."

"Mwaka mmoja!"

"Na mwaka juzi ikamwangusha dada yako."

"Rozalia alipanda bila kusali," alisema Sosthenes, na Rozalia kule kwenye mafiga akamrushia ganda la kiazi.

Devota akasema hata kijito cha bondeni kimekauka, na hayo nayo ni mabadiliko ya tabianchi. Hapo mzee akaweka kikombe chini.

"Hapana. Kijito kimenyonywa na mikaratusi ya Shedrack. Kaipanda mpaka kwenye chemchemi. Nenda kaangalie, kila mkaratusi una shibe kuliko mimi."

Alitegemea abishane. Devota akatikisa kichwa.

"Hapo umenishinda, mtani. Nimelitazama lile bonde na sikufikiria mikaratusi. Nimezoea kila kitu kukitupia kapu moja."

Mzee alishangaa. Katika ubishi wake wote na watu wa ofisini hakuwahi kusikia mmoja anasema umenishinda. Alimsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, lakini msimamo wake ukabaki palepale.

Siku ya Marehemu ikafika, wakaenda kanisani. Wiki iliyofuata mbingu ikafunga upande wa Mgololo na mvua ikashuka, nzuri, nzito, ya kunukia udongo. Sosthenes alisimama mlangoni akicheka peke yake. Asubuhi akaingia jikoni na kikapu kuchukua mbegu, akainua macho.

Nusu ya mahindi haipo! Kwenye msumari wake ilining'inia kofia ya semina.

Alipiga kelele mpaka kuku wakatoka nje. Rozalia alikuwa akikoroga uji na hakugeuka.

"Nani kaingia humu?"

"Mtani wako kaja jioni ulipokuwa kwa Shedrack. Kaniuliza kama kuna mbwa, nikamwambia tumeshamla. Akachukua, akaaga."

"Na wewe ukamtazama!"

"Nikamshikia kigoda," alisema Rozalia.

Mzee alikwenda ofisini na ile kofia mkononi. Shedrack alimsikiliza mpaka mwisho akijitahidi kubana midomo. Ameacha alama? Ameacha. Ni Mngoni? Ni Mngoni. Basi, Mzee Kalinga, umeibiwa na mtani, unataka nikamwandikie nini polisi? Hapo hapo Devota akapita nje na pikipiki yake, akapunga mkono.

"Mtani! Mali yako salama. Siku ya kuikomboa nitakuambia fidia yangu."

"Mngoni wewe! Ikiingia panya utanijua!"

Akarudi nyumbani na hasira zake, akapanda yale yaliyobaki. Yakaota, jamani, yakaota vizuri! Mistari ya kijani kibichi mpaka ukingoni, na mzee akawa anatembea nayo asubuhi na jioni, akimtafuta mpita njia wa kumwonyesha. "Mwambieni bibi shamba aje na nyuzi zake apime hili."

Kisha mvua ikaondoka. Ikaondoka kama mgeni aliyekuja kuomba maji ya kunywa tu. Siku ya kwanza ya jua mzee alisema afadhali, udongo upumue. Wiki ikaisha akasema kesho. Wiki nyingine ikaingia, majani yakajikunja kama sigara za kusokota, na Sosthenes akaacha kusema kesho. Akaacha kusema chochote, na hapo ndipo Rozalia alipoingiwa na woga.

Siku moja mzee akavaa koti akapanda bodaboda mpaka Mafinga, kwenye duka la pembejeo la Abdulkarim. Aliaga kwamba anakwenda kununua dawa ya kuku. Uongo mtupu: alikwenda kutazama mbegu za dukani, kwa aibu, kama mtu anayenunua sanda kabla mgonjwa hajafa. Akakaa juu ya kiroba kilichokuwa karibu na kaunta, akatafuta kichwani maneno ya kuanzia.

"Mzee Kalinga, umekaa pazuri?" aliuliza Abdulkarim, akikazia macho kile kiroba.

"Mahali pa kukaa ni pa kukaa. Unamjua yule Mngoni wa Lwangi?"

"Namfahamu. Mteja wangu."

"Kaniibia mbegu ya mama yangu. Niliyobakiwa nayo inakufa shambani. Nusu yangu inakufa, nusu sijui ameitupa wapi. Labda ameshaisaga kala."

Alisema hivyo akikipiga kiroba ngumi kwa uchungu. Abdulkarim akakohoa, akamkaribisha kahawa na kashata, akamwomba ahamie kwenye kiti.

"Kiroba hicho ni amana ya mtu, mzee wangu. Ukikivunjavunja nitamjibu nini mwenyewe?"

Mzee akahama bila kuelewa. Akanywa kahawa, akazitazama zile pakiti za mbegu zenye picha za mahindi manene, na mkono ukakataa kwenda mfukoni. Akarudi Lwangi bila mbegu na bila dawa ya kuku.

Jioni ile Rozalia alimkuta shambani amepiga magoti, analia. Alikuwa ameng'oa shina moja, mizizi mifupi, mikavu kama nywele. Udongo wa juu ulikuwa vumbi na wa chini ulikuwa vumbi.

"Nimemwangusha mama," alisema. "Nimefanya kama alivyosema, tarehe yake, mvua yake, na bado nimemwangusha."

Rozalia akapiga magoti naye, mifupa yake ikalia.

"Sosthe, mama alikuwa na tarehe?"

"Mvua ya kwanza baada ya Marehemu. Unajua."

"Najua. Na kabla ya kupanda alikuwa anafanya nini?"

Sosthenes akaliweka chini lile shina.

"Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unachelewa kuamka. Mimi ndiye nilikuwa natoka naye. Alikuwa anachimba shimo kwa mkono mpaka kiwiko kinazama. Huko chini akikuta ubichi, anapanda. Asipokuta, tunarudi kulala, hata kama mvua imenyesha jana. Miaka ile alikuwa anaukuta karibu kila mara, kwa hiyo wewe ukashika tarehe ukaacha shimo. Mama hakukosea, Sosthe. Mvua yake ndiyo haiko tena siku zile."

Sosthenes aliingiza mkono kwenye udongo mkavu, akachimba, akachimba, mpaka kucha zikauma.

Mvua ya kweli ilifika Noeli ikiwa inakaribia. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, ikarudi tena. Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado na nguo za kanisa, Devota alisimama mbele ya ofisi ya kijiji na kiroba miguuni. Mzee Kalinga alikitambua palepale. Akakumbuka kahawa, akakumbuka kashata, akakumbuka ngumi alizokipiga. "Abdulkarim!" alisema kwa sauti. "Mswahili yule! Nimekalia mali yangu mwenyewe!"

Kicheko kilipopungua, Devota akataja fidia. Hakutaka kuku, hakutaka pombe ya ulanzi. Alitaka Mzee Kalinga asimame pale mbele na ayajibu maswali yake mwenyewe, yale aliyomuuliza siku ya kwanza. Akiyajibu, mbegu yake hii hapa.

Wee! Mzee akafurahi. Alimwona mtani amejiingiza mtegoni. Akaitoa ile kofia ya semina mfukoni, akaivaa, akaanza kutembea kama Devota, mabega juu, hatua fupi za haraka. Akabana sauti ya Kisongea. "Ndugu wananchi, nyuzi joto, hewa ukaa!" Watu hoi. Devota mwenyewe alikuwa ameinama anajishika tumbo.

"Bibi shamba," Shedrack alidakia, sasa akishika nafasi ya mzee, "viazi vyangu vimeungua kwa barafu. Joto lako lilikuwa limesafiri?"

"Mzee wangu," alisema Sosthenes kwa sauti ileile ya kuigiza, "shati lako likiwa na kiraka kimoja cheusi, utaniambia ni shati jeusi? Usiku mmoja wa barafu ni kiraka. Tazama shati zima." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na yeye mwenyewe akashangaa jibu limetoka wapi.

"Na ukame wa sabini na nne?"

"Ulikuwepo. Nimeula mimi, kwa ulezi." Sauti ya Devota ilianza kumtoka. "Hata misitu ilikuwa inaungua kabla hatujajua kiberiti, radi ilikuwa inawasha. Lakini leo tukimkuta mtu kwenye misonobari na kiberiti mkononi, nyuma yake moshi, tutamwambia nenda salama, moto ulikuwepo tangu zamani?"

"Aa wapi!" walijibu watu, maana moto wa misonobari kila mtu pale anaujua.

"Watabiri wanakosea kesho, wataijuaje miaka hamsini?"

"Mimi sijui kesho utaamka na hasira au na furaha, Shedrack. Lakini najua mwezi wa saba utavaa koti."

"Wenye viwanda ni wao! Kwa nini tuhangaike sisi?"

"Ni wao. Na tuwadai, tusiwaonee haya. Ila shamba lililokufa ni langu, siwezi kuwasubiri wao waone aibu ndipo nipande." Akavua kofia, akaikunja mikononi. "Na wewe toa mikaratusi yako kwenye chemchemi, hiyo si ya wenye viwanda."

Shedrack alijikuna kisogo na watu wakamzomea kidogo. Lilibaki swali moja, na kila mtu alilikumbuka. Shedrack hakutaka kulitamka. Sosthenes akalitamka mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe.

"Niliuliza, mvua si ya Mungu? Ni ya Mungu. Mama yangu alisali kuliko mimi. Lakini akishasali alikuwa anaingiza mkono ardhini mpaka hapa." Akashika kiwiko chake. "Mimi nilirithi tarehe yake, mkono nikausahau. Nikawa nawabishia ninyi wote kwa sababu niliona nikikubali, nimemfanya mama mwongo. Mama hakuwa mwongo. Angekuwa hai leo, angechimba, asingekuta kitu, angerudi kulala. Ningekuwa mimi ndiye nambishia."

Hapo hakucheka mtu. Rozalia alijifuta macho na ncha ya kitenge. Devota alikiinua kile kiroba, akakiweka mikononi mwa mzee, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la utani.

"Ulijuaje mvua itakatika?" Sosthenes alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Sikujua, mtani. Ningejua ningeiba yote."

Walikwenda moja kwa moja shambani, na nguo zao za kanisa, na nusu ya kijiji nyuma yao. Sosthenes akavua koti, akapiga magoti, akachimba. Kiganja kikaingia, kifundo kikaingia, kiwiko kikazama. Akabaki hivyo muda mrefu, bega likigusa ardhi. Alipoutoa, mkono ulikuwa mweusi, unang'aa kwa maji, na udongo ulikuwa umemganda kwenye kucha zote. Akamwonyesha Rozalia. Rozalia akaangalia, akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe.

Mavuno ya mwaka ule hayakuwa ya kutangaza redioni. Ile nusu ilizaa, mahindi meupe, ya punje pana, ya kutosha kula kiasi na kuchagua mbegu. Rozalia alichukua ya kwake, na nyumba kadhaa zilikuja kuomba, wakapewa mahindi mawili matatu kila mmoja, pamoja na hotuba ya kiwiko. Shedrack alikuja naye kuomba. Alipewa baada ya kuulizwa habari za mikaratusi, na aliposema ameshaikata ya kwenye chemchemi, mzee alitoka kwenda kuhakikisha.

Halafu Sosthenes akapanda kwenye kigoda jikoni, akafunga mbegu juu ya moto. Mwaka huo alifunga mafungu mawili, kila moja kwenye msumari wake. Alipomaliza akaichukua ile kofia ya semina, akaikung'uta vumbi, akaitundika kwenye fungu la pili.

"Hilo la nani?" aliuliza Rozalia.

"La mwizi," alisema Sosthenes. "Akija jioni, mshikie kigoda."